Kalenda Mbili za Mabaharia wa Lamu

Kitendawili!

Tega!

Nimeshonwa kama kanzu, nimejitanda mkeka, sina msumari hata mmoja mwilini, na mawimbi nayapanda.

Ngalawa? Siyo. Jahazi? Jahazi lina misumari tele. Mmeshindwa, basi nipeni mji. Nairobi siutaki, hauna bahari. Dodoma vilevile. Nipeni Lamu. Haya, Lamu nimeuchukua: nilikwenda, nikakaribishwa barazani, nikaletewa kaimati na kahawa chungu, nikala nikashiba, ninyi nikawaachia vyombo vya kuosha. Jibu lenyewe ni mtepe. Nitaufikia, msiwe na haraka. Kabla ya chombo tuwajue wenye chombo.

Lamu ni kisiwa, na mji wake mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Mkabala wake kuna kisiwa cha Manda. Mbele kuna Pate, kisiwa kikubwa chenye miji ya Pate, Siyu, Faza na Kizingitini. Kisha Ndau, kisha Kiwayu, kisha visiwa vidogo vidogo vinavyofuatana hadi karibu na Kismayu, ndani ya Somalia. Wenyeji wa Lamu mjini ni Waamu. Wa huko juu ni Wabajuni, ambao pia huitwa Watikuu, na kama kuna watu katika pwani yetu ambao bahari ni shamba lao na njia yao ya sokoni, ndio hao.

Mambo yao ni mengi, wala sitayamaliza. Nitashika moja: jinsi walivyoujua wakati. Nahodha wa zamani hakuwa na saa ya mkononi wala redio ya kumtangazia hali ya hewa. Alikuwa na kalenda mbili kichwani, moja ya mwezi na moja ya jua, na kila moja ilikuwa na kazi yake. Kijana aliyeingia chomboni kuwa baharia alijifunza mafundo ya kamba kwa siku chache. Kalenda hizo zilimchukua miaka.

Tuanze na ya mwezi, kwa sababu ndiyo rahisi.

Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika mchana mmoja na usiku wake. Anayeyavuta ni mwezi. Jua nalo huvuta, ingawa mvuto wake kwa maji ni mdogo kuliko wa mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, mwezi, jua na dunia hukaa karibu na mstari mmoja, kwa hiyo mivuto miwili hujumlishwa. Hapo ndipo yanapokuja maji ya bamvua. Yakijaa, yanapanda gatini mpaka ngazi zinazama. Yakitoka, yanatoka kabisa: mashua zinalala ubavu juu ya mchanga, miamba inachomoza, na mtu anatembea kwa miguu mahali ambapo asubuhi samaki walikuwa wakipita. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka. Jua linavuta huku, mwezi unavuta kule, na maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Hayo huitwa maji mafu.

Sasa angalia jambo hili. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi. Tarehe mosi ni mwezi mwandamo, tarehe 14 na 15 ni mwezi mpevu. Kwa hiyo kwa mtu wa visiwani tarehe haikuwa jina la siku tu, ilikuwa habari ya bahari. Ukimwambia mvuvi mzee kwamba leo ni mwezi pili, hahitaji kwenda kutazama. Anajua ni bamvua, anajua pia kwamba maji yatakuwa yamepwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na yatakuwa yamejaa karibu na saa kumi au kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Kwa hiyo ukimwambia mwezi nane, atakuambia bila kutazama dirishani: asubuhi saa nne maji yamejaa, lakini ni mafu. Idd-el-Fitri huwa mwezi mosi Shawwal, kwa hiyo watoto wa pwani wakivaa nguo mpya za Idd, bahari nayo imo katika bamvua, kila mwaka, bila kukosa.

Elimu hii si ya kujionyesha. Kati ya kisiwa cha Manda na bara kuna mkondo mwembamba uitwao Mkanda, mikoko kulia na kushoto. Boti zinazotoka Lamu kwenda Pate, Faza na Kizingitini hukatiza hapo. Kwa vizazi, maji yakijaa palikuwa njia, maji yakipwa palikuwa tope. Ukichelewa, boti ilikaa matopeni na abiria wote, na magunia ya unga, na kuku waliofungwa miguu, na mgonjwa anayekwenda hospitali, mpaka bahari ipende kurudi. Ndiyo maana boti za huko hazikuweza kuandikiwa saa moja ya kuondoka kwa mwaka mzima.

Kinamama nao huishi kwa kalenda hiyohiyo. Bamvua ikitoa maji, wanashuka mwambani na fimbo zenye ncha ya chuma kutafuta pweza. Pweza ni mjanja, hujibadilisha rangi akafanana na jiwe, lakini ana kosa moja: akila kaa au chaza, hutupa maganda mlangoni pa shimo lake. Anayejua hamtafuti pweza. Anatafuta takataka. Akiona maganda mapya yamerundikana mbele ya tundu, anaingiza fimbo polepole na kungoja mkono wa kwanza uishike.

Basi kama mwezi unajua yote haya, kalenda ya pili ya nini?

Mwezi una ila moja kubwa: haujui upepo. Miezi 12 ya mwandamo ina siku 354, na mwaka wa jua una 365. Kila mwaka kalenda ya mwezi hurudi nyuma siku 11 hivi. Mwaka 2009 Ramadhani iliingia Agosti, wakati wa upepo wa kusi. Mwaka 2025 iliingia mwanzoni mwa Machi, wakati wa kaskazi. Nahodha ambaye angesema "mimi husafiri kwenda Arabuni kila mwisho wa Ramadhani" angesafiri vizuri miaka michache, kisha siku moja angepandisha tanga akakuta upepo unamsukuma kinyume na Arabuni.

Pepo zenyewe hufuata jua. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini, kuanzia Aprili hadi Septemba, na katikati yake, Juni na Julai, huwa kali hata vyombo vya tanga haviendi mbali. Kati ya pepo hizi mbili kuna majira mafupi ya tanga mbili, ambapo upepo haujaamua na chombo kinaweza kwenda huku au kule. Kwa ajili ya pepo, mabaharia walihesabu siku kuanzia Nairuzi, yaani siku ya mwaka, hesabu yenye asili ya Uajemi. Hawakuhesabu kwa miezi. Walihesabu kwa miongo, mwongo mmoja ni siku 10. Miongo 36 hufanya siku 360, zinabaki siku 5, kisha Nairuzi nyingine. Watu wa Makunduchi, Unguja, wanaisherehekea bado siku hiyo mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa, ambapo wanaume hupigana kwa migomba na kibanda cha makuti hutiwa moto.

Hebu tujaribu pamoja. Nairuzi ikiwa tarehe 24 Julai, mwongo wa 10 unaisha lini? Siku ya 100 ni tarehe 31 Oktoba. Hapo kusi imekwisha nguvu na kaskazi iko njiani, kwa hiyo huko Arabuni manahodha wanapakia tende. Mwongo wa 25 unaisha tarehe 30 Machi. Hapo kaskazi inakufa, na anayetaka kurudi kwao na kusi aanze kufunga mizigo. Nahodha hakuhitaji kusema zaidi ya nambari ya mwongo. Wenzake walielewa upepo gani, bahari gani, na samaki gani.

Sasa fikirini maana yake kwa miji hii. Chombo kutoka Omani au Kuwait kilifika na kaskazi, kimebeba tende, chumvi na mazulia. Kikauza. Lakini mgeni hakuweza kuamka Jumamosi akasema "kwaherini". Alingoja upepo ugeuke, na kungoja huko kulikuwa wiki na miezi. Mtu anayekaa mjini miezi mitatu huhitaji nyumba, huhitaji mpishi, husali msikiti mmoja na wenyeji, hujifunza lugha, hupata marafiki wa kucheza nao bao, na wengi waliposa wakaoa. Vitabu vingi husema biashara ndiyo iliyojenga miji ya Waswahili. Mimi naona kungoja upepo kulijenga pia, pengine zaidi. Mfanyabiashara anayekuja asubuhi na kuondoka jioni haachi wajukuu.

Mwandishi mmoja wa Australia, Alan Villiers, alisafiri katika chombo cha Kuwait mwaka 1938 na 1939, akaja nacho mpaka pwani yetu na kuandika kitabu juu ya safari hiyo. Mwisho wa safari ya kuja, chombo kile kiliingia katika delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Mikoko ndiyo miti ile inayosimama majini kwa mizizi mirefu. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo Lamu. Wakataji waliingia msituni maji yakijaa, wakakata, wakapakia madauni, wakatoka na maji. Miti iliuzwa kwa korija, na korija moja ni miti 20. Kila unene ulikuwa na jina lake: fito ni nyembamba kabisa, kisha pau, kisha boriti, kisha nguzo. Kuwait ni jangwa. Dari nyingi za nyumba zake za zamani zilishikwa na miti iliyoota katika matope ya Rufiji na Lamu.

Na hapa kuna jambo linalonifurahisha kila nikiingia nyumba ya kale ya Lamu. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, upana wake hauzidi mita 3 hivi. Wageni hudhani watu wa zamani walipenda kubanana. Sababu ni mkoko. Boriti inayobeba dari nzito ya mawe na chokaa ikizidi urefu huo hupinda. Mti uliamua upana wa chumba, na mjenzi wa ng'ambo aliyenunua boriti hizohizo alibanwa na kipimo hichohicho. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, ili misitu ipumzike.

Sasa tuje kwenye mtepe wangu.

Mtepe ulijengwa zaidi na watu wa visiwa vya Lamu, Wabajuni wakiwa mbele. Fundi alichonga mbao kwa tezo, akazipanga ukingo kwa ukingo. Kisha alichukua keekee ya uta inayozungushwa kwa kuvuta na kurudisha, akatoboa matundu kando ya kila ukingo, tundu likielekeana na tundu. Hapo ndipo kushona kulipoanza. Kamba ilipita nje, ikarudi ndani, ikavutwa kwa nguvu mpaka ubao ukalia, kisha kigingi kidogo kikapigwa tunduni kuishikilia isilegee. Chini ya mshono kulilazwa makumbi ya kuzuia maji. Kazi hiyo ilizunguka chombo kizima, mamia na mamia ya matundu. Mbele, omo ilikwenda juu ikaishia kwa kichwa cha ngamia, na ubavuni pa omo walichora macho mawili.

Kamba ilitoka wapi? Kumbi la nazi lilifukiwa katika tope la ufukweni kwa miezi. Humo nyama yake ilioza, nyuzi zikabaki. Lilipofukuliwa lilinuka mpaka mtaa wa pili. Likapondwa kwa rungu, likaoshwa, likaanikwa, kisha nyuzi zikasokotwa kwa viganja mpaka zikawa kamba. Kazi hii mpaka leo utaiona Unguja na Pemba, na mikono inayoifanya ni ya wanawake. Tanga nalo lilikuwa mkeka wa miyaa, la mraba. Wasimuliaji wengi husifu mafundi na manahodha na kuwasahau waliosokota kamba na kusuka mikeka. Bila wao mtepe ni rundo la mbao ufukweni.

Kwa nini washone badala ya kupigilia misumari? Wasafiri wa zamani walikuwa na jibu tamu: ati baharini kuna mlima wa sumaku, chombo chenye misumari kikipita karibu misumari yote huchomoka ikarukia mlimani, na watu wakazama. Hata katika Alfu Lela Ulela mlima huo umo. Ni hadithi nzuri, lakini hakuna mlima. Chuma kilikuwa ghali, nazi zilikuwa kila mahali, na zaidi ya hayo chombo kilichoshonwa hunyumbuka. Katika visiwa hivi chombo hukaa mchangani kila maji yakipwa, na mara nyingine hugonga mwamba. Ubao uliopigiliwa msumari hupasuka. Ulioshonwa hujipinda kidogo, hupiga kelele, ukarudi mahali pake. Gharama yake ni maji: yaliingia siku zote, na safarini hakukosekana kijana wa kuteka maji ngamani mchana na usiku. Mtepe pia ulipenda upepo wa nyuma. Tanga la mraba halikuweza kukata upepo vizuri kama tanga la jahazi, kwa hiyo nahodha wake alihitaji kuijua kalenda ya miongo kuliko nahodha mwingine yeyote.

Vyombo vya kushonwa ni vya kale mno katika pwani hii. Kama miaka 2,000 iliyopita, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki, na ambaye jina lake limepotea, alitunga kitabu cha kuwaongoza mabaharia, Periplus. Alipofika kueleza pwani yetu alitaja kisiwa ambapo watu walikuwa na vyombo vya kushonwa, na walinasa kasa kwa matenga waliyoyatega mbele ya milango ya maji. Mwaka 1498, Wareno wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji waliandika kwamba vyombo vya wenyeji havina misumari, vimefungwa kwa kamba, na matanga yake ni mikeka. Waliandika pia, kwa mshangao, kwamba mabaharia wale walikuwa na dira na ramani. Mitepe ya mwisho ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Misumari ilikuwa imekuwa rahisi, na jahazi lilikuwa likienda kasi zaidi.

Nimetaja kasa, sina budi kuwasimulia juu ya chazo, maana bila hili mtasema nimewanyima utamu. Chazo ni samaki mwembamba mwenye kifyonzo bapa juu ya kichwa. Hapendi kuogelea mwenyewe kama anaweza kubebwa, kwa hiyo hujibandika kwa papa au kasa na kusafiri bure. Wabajuni wakautumia uvivu wake. Mvuvi alimfunga chazo kamba nyembamba mkiani, akamweka hai. Akiona kasa kwa mbali, alimtupa chazo majini. Chazo, bila kufundishwa, alikwenda moja kwa moja akajibandika juu ya gamba. Sasa mvuvi alivuta, lakini polepole, huku akilegeza kasa anapojitahidi na kukaza anapochoka. Mwenye pupa alikosa vyote viwili. Leo kasa wanalindwa na sheria ya Kenya, na eneo la bahari la Kiunga, kaskazini mwa Lamu, limekuwa hifadhi tangu mwaka 1979. Sitaki kusikia mtoto ameniambia "nilijaribu".

Jahazi na mashua bado zinajengwa kisiwani Lamu, hasa kijiji cha Matondoni. Fundi hana mchoro wa karatasi. Huanza na mkuku, akasimamisha omo na tezi, akafuata kwa macho. Mbao zikikamilika huingia kazi ya kalafati: pamba iliyoloweshwa mafuta hugongwa katika kila ufa mpaka chombo kisipitishe maji. Siku ya kukishua, wanaume hushika kamba, wengine husukuma kwa mabega, kuna nyimbo na kuna wali. Na siku ya kukishua huchaguliwa vipi? Ni siku ya bamvua, bila shaka, ili maji yaje karibu na chombo.

Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishua jahazi jingine la ajabu, Flipflopi. Lina urefu wa kama mita 10 na limeundwa kwa plastiki iliyookotwa, mbavu zikiwa za taka zilizoyeyushwa na kumiminwa, na nje limevikwa malapa ya kila rangi yaliyotupwa na bahari. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Mbao hakuna, lakini umbo ni lilelile la mababu, na upepo ni uleule.

Si kila mpya ni sherehe. Mei 2021 bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa Kililana, upande wa bara, kwa meli kubwa zisizojali kaskazi wala kusi. Kuichimba kuliharibu maeneo ambayo wavuvi walikuwa wakiyategemea. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Fedha hununua mashine na boti ya kwenda mbali zaidi. Hazinunui mwamba wa karibu ambao mzee asiye na mashine angeufikia kwa dau lake. Na Wabajuni wa upande wa Somalia walipata makubwa zaidi: vita vilivyoanza mwaka 1991 viliwatoa visiwani mwao, wengi wakakimbilia Kenya, wengine wakafika mpaka Uingereza.

Sasa kazi yenu. Kila mtu achukue daftari. Mwezi ukiandama, andika 1. Kama mnaishi pwani, kesho yake mwombeni mtu mzima awapeleke ufukweni kati ya saa nne na saa tano asubuhi, muone maji yamekwenda wapi, kisha rudini siku ya 8 saa hiyohiyo, na siku ya 16. Msiende peke yenu, na msigeuzie bahari mgongo, kwa sababu bamvua ikianza kurudi haipigi hodi. Walioko bara wachore mwezi kila usiku na kukisia maji ya Lamu yako vipi. Na kama una babu, bibi au jirani aliyewahi kusafiri kwa tanga, mwulize leo ni mwongo wa ngapi. Andika jibu lake na jina lake katika daftari hilohilo, maana simu itakuonyesha saa ya maji kujaa na kupwa, lakini hesabu ya miongo haimo.